Pointi za Kiti cha Bibi

Kila jioni, saa kumi na moja na nusu, kabla birika la chai halijatua mezani, Karani alikuwa ameshaketi mahali pake. Alifuta meza kwa kitambaa kibichi, akapangusa tena kwa kikavu ili karatasi zisilowe, akachonga penseli, akafungua daftari lake la jalada gumu. Hapo ndipo watu wazima walipoanza kumwaga risiti zao mbele yake, zilizokunjwa na zilizonyooka.

Karani hakuwa karani wa ofisi yoyote. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, wa darasa la sita, mwenye miguu mirefu na mwandiko mdogo uliosimama wima. Jina hilo alibandikwa na mjomba wake siku alipokabidhiwa daftari, na tangu siku hiyo hata mama yake mzazi alisahau kumwita jina jingine.

Kazi yake ilikuwa kuhesabu pointi. Duka kubwa la mtaani, kituo kimoja cha mafuta na shirika moja la ndege walikuwa na mpango wao wa pamoja. Ukinunua kitu ukataja namba ya kadi yako, unaandikiwa pointi. Zikiwa nyingi, unazitoa na shirika la ndege linakupa kiti pasipo kulipa fedha. Watu wengi mjini walikuwa na kadi kama hizo, zimelala mifukoni zikichakaa. Nyumba hii ilifanya vingine. Walikubaliana wote wanunue kwa namba moja tu, namba ya kadi ya Bibi, na wakashika makubaliano hayo kwa miaka miwili na miezi minne.

Mjomba alikuwa dereva wa teksi, kwa hiyo pointi zake zilitoka kwenye mafuta. Mama alishona sare za shule, akanunua vitambaa, nyuzi na vifungo. Mama mdogo alikuwa msusi mwenye saluni ya viti viwili; zake zilitoka kwenye sabuni na mafuta ya nywele. Mjomba na mama mdogo walikuwa na makazi yao, lakini chai ya jioni walikunywa kwa Bibi, kwenye nyumba walimokulia.

"Andika mia na arobaini," alisema Mjomba, akisukuma risiti yake kwa kidole. "Leo nimejaza tangi mpaka limecheua."

"Gari lenyewe lile likijazwa sana litapasuka," alisema mama mdogo. "Karani, mwandikie huyu arobaini. Mia nyingine ni majivuno."

"Wewe leta zako. Au leo wateja wote wamekuja na vipara?"

Bibi alicheka polepole, mguu wake wa kushoto ukiwa juu ya kigoda chenye mto. Mguu huo ndio uliokuwa sababu ya yote. Miaka mitatu nyuma, Bibi alisafiri kwa basi kutwa nzima, magoti yamekunjwa, na aliposhuka mguu ulikuwa umevimba kama umefungwa kitu ndani. Damu ilikuwa imeganda kwenye mshipa. Alilazwa siku kumi na moja. Siku ya kuruhusiwa, daktari alimwambia: "Mama, safari ndefu ya kukunja magoti umeshaiaga. Ukitaka kwenda mbali, uwe mahali unapoweza kunyoosha mguu."

Na mahali Bibi alipotaka kwenda palikuwa mbali. Dada yake, ambaye wajukuu walimwita Bibi Mkubwa, aliishi ng'ambo kwa mwanawe wa kiume, safari ya saa kumi na moja angani. Hawakuwa wameonana kwa miaka tisa. Kati ya watoto wote wa mama yao, walikuwa wamebaki wao wawili tu.

Ndege ile ilikuwa na viti vya mbele, vipana, vinavyolazwa kama kitanda. Bei yake kwa fedha taslimu, Mjomba alisema, ingelipika tu kama angeuza teksi pamoja na tairi ya akiba. Lakini kwa pointi ilikuwa elfu thelathini kwenda na elfu thelathini kurudi. Jumla, elfu sitini. Walipanga safari iwe mwisho wa mwaka.

Hesabu yenyewe ilikaa kwenye simu ya zamani ya Mama, iliyowekwa rafuni karibu na cherehani. Macho ya Bibi hayakuweza tena maandishi madogo, kwa hiyo alimwita Karani chumbani, akafunga mlango, akamnong'oneza namba ya siri ya kadi. "Tuko wawili tunaoijua," alimwambia. "Wewe ndiye macho yangu." Karani alitoka chumbani humo akitembea kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa hadi ukingoni.

Sasa miezi miwili ilikuwa imepita tangu amwage maji hayo, na hakuna aliyejua.

Ilianza na viatu. Karani alikuwa mkimbiaji wa mita mia nane katika timu ya shule, na viatu vyake vya michezo vilikuwa vimeachama mbele kiasi kwamba soksi ilichungulia. Alivifunga kwa gundi, vikaachama tena. Wenzake hawakumchokoza kwa ubaya, lakini walimchokoza. "Viatu vya Karani vina njaa," walisema. "Vimefungua mdomo, vinaomba uji." Alicheka nao. Akifika nyumbani alivificha chini ya kitanda ili Mama asivione, kwa sababu mwezi huo Mama alikuwa analipa cherehani ya pili.

Jioni moja, alipokuwa peke yake akihakiki pointi kwenye simu, ukurasa wa zawadi ulijitokeza. Palikuwa na viatu vya kukimbilia, vya rangi ya bluu, vyenye soli nyepesi. Pointi elfu sita na mia tano. Chini yake paliandikwa: *Una pointi za kutosha. Chukua zawadi yako.*

Karani alitazama maneno hayo kwa muda mrefu. Alijiambia kwamba pointi si pesa. Hakuna mtu aliyetoa kitu mfukoni. Mjomba angenunua mafuta tu hata kama pointi zisingekuwepo, na Mama angenunua nyuzi tu. Zilikuwa namba zilizokuja zenyewe, kama vumbi linavyotua juu ya kabati. Tena mwisho wa mwaka ulikuwa mbali, zingejaa nyingine. Akaandika namba ya siri ya Bibi, akabonyeza.

Kesho yake alichukua viatu kwenye kaunta ya duka kubwa akitoka shule. Mama alipoviona, alisimamisha cherehani.

"Hivyo umevitoa wapi?"

"Mwalimu wa michezo amenipa," Karani alisema. "Shule imeletewa msaada."

Uongo ulitoka bila kukwama, na hilo ndilo lililomtisha. Mama aliweka mkono kifuani. "Mwalimu huyo Mungu amjalie," alisema. "Nilikuwa naviona vile vya zamani chini ya kitanda, najifanya sioni."

Katika daftari, Karani hakuandika kilichotoka. Kila jioni aliongeza risiti za siku hiyo juu ya jumla ya jana, kama kawaida. Kwa hiyo pakawa na hesabu mbili: ya daftari, iliyopanda vizuri, na ya simu, iliyokuwa nyuma kwa elfu sita na mia tano. Aliacha kuitazama ya simu.

Jumatano hiyo, chai ikiwa bado mezani, simu ya Mama ililia. Alikuwa mtoto wa Bibi Mkubwa, akipiga kutoka ng'ambo. Mama alisikiliza, akasema "ndiyo, kaka" mara nne au tano, kisha akampa Bibi simu. Bibi hakusema mengi. Alipomaliza, aliiweka simu mezani kwa uangalifu, kama kikombe kilichojaa.

"Dada yangu moyo umechoka," alisema. "Madaktari wanahesabu wiki, si miezi. Anauliza mimi nakuja lini."

Mjomba alivua kofia yake.

"Viza yako ilishatoka, Mama," alisema baadaye. "Pasipoti naichukua Ijumaa mchana. Jumamosi asubuhi tunaenda ofisi ya tiketi sote, maana wanataka wakuone na kadi yako. Karani, tuna ngapi?"

Daftari lilikuwa wazi mbele yake. Aliangalia mstari wa mwisho ingawa aliujua kwa moyo.

"Elfu sitini na mia moja," alisema.

Mama mdogo alijifunika uso kwa viganja, mabega yakatikisika. Mama akamshika. Mjomba alicheka kicheko cha mtu aliyetua mzigo, akampigapiga Karani kichwani. "Karani wa serikali huyu," alisema. "Mia moja ya ziada, Bibi atanunulia peremende angani."

Bibi alimtazama Karani tu, macho yamejaa, akamwinamishia kichwa kumshukuru. Karani alifunga daftari.

Alhamisi Mjomba alipiga simu ofisi ya tiketi. Aliporudi alisema kwamba kwenye ndege ya Jumanne ya wiki ya pili kutoka hiyo vilibaki viti viwili tu vya mbele vinavyotolewa kwa pointi, na havikuwa vya kuwekewa mtu. Anayewahi ndiye mwenye kiti. Ndege iliyofuata yenye nafasi ya namna hiyo ilikuwa baada ya wiki tano.

Ijumaa baada ya mazoezi, Mjomba alimpitia Karani shuleni, pasipoti ya Bibi ikiwa ndani ya bahasha juu ya dashibodi. Taa ya mafuta ilikuwa inawaka nyekundu. Walipita kituo cha mafuta cha kwanza, kilichokuwa kitupu, mhudumu amekaa akipunga upepo kwa gazeti. Wakapita cha pili.

"Mjomba, mafuta si yanaisha?"

"Yanaisha, lakini hapa hakuna pointi za Bibi. Tunaenda kule kwetu."

Kule kwetu kulikuwa upande wa pili wa mji. Walipofika, mbele yao palikuwa na magari kumi na tatu, Karani aliyahesabu. Walipokuwa kwenye foleni, simu ya Mjomba iliita.

"Nipo kwenye mafuta, mzee," alisema. "Dakika kumi hapana, labda arobaini. Haya. Haya, mchukue mwingine, hakuna neno." Akakata, akapumua. "Huyu alikuwa anaenda uwanja wa ndege. Safari nzuri hiyo."

"Huwa inakuwa hivi kila siku?" Karani aliuliza.

"Si kila siku. Tuseme siku mbili kwa wiki nampoteza mmoja." Alisogeza gari hatua moja. "Mama yako naye, unafikiri nyuzi haziuzwi pale kona? Huenda kwa miguu mpaka duka kubwa kwa sababu ya mia mbili za pointi, akirudi viatu vinamchubua. Mama yako mdogo ana mchuuzi anayemletea mafuta ya nywele mlangoni, kwa bei nafuu, alimkataa. Miaka miwili hii, Karani. Wewe umeandika tu, lakini ungetuona tulivyokuwa tunazikimbiza."

Karani aligeuza uso dirishani. Miguuni alikuwa amevaa vile viatu vya bluu. Aliivuta miguu nyuma, chini ya kiti, lakini hapakuwa na nafasi ya kuificha zaidi.

Nyumbani, Mama alimkabidhi kifurushi cha karatasi, kimefungwa kwa utepe uliobaki kwenye sare. "Ni shati la mwalimu wako wa michezo," alisema. "Nimemkadiria tu kwa macho siku ile ya mkutano wa wazazi. Mabega yakimbana aniambie. Mtu akikutendea wema kama ule huwezi kunyamaza."

Karani alishika kifurushi kile. Kilikuwa chepesi, shati moja tu, lakini mikono yake ilishuka nacho.

Alikwenda chumbani kwa Bibi. Bibi alikuwa kitandani, mguu juu, akipanga nguo za safari katika mafungu: za baridi huku, za kulalia kule, na katikati soksi za kubana alizopewa na daktari. Alikuwa pia na kitambaa cha kichwa kipya. "Hiki cha dada," alisema. "Alipenda zambarau tangu tulipokuwa wadogo. Alininyang'anya changu."

Karani alisimama mlangoni. Alikuwa amepanga maneno njiani, na yote yalikuwa yamepotea.

"Bibi, pointi hazitoshi."

"Hazitoshi vipi? Si ulisema zimezidi?"

"Daftari linasema uongo. Mimi ndiye niliyeliandika uongo." Akavua kiatu kimoja, akakiweka sakafuni, akavua na cha pili. "Hivi sikupewa na mwalimu. Nilivitoa kwa pointi zako. Elfu sita na mia tano. Niliandika namba ya siri."

Bibi hakunyanyua sauti. Aliendelea kushika kile kitambaa cha zambarau, akakikunja mara moja, mara mbili, mara tatu, hadi kikawa kidogo kama kiganja.

"Lini?"

"Miezi miwili iliyopita. Nilidhani safari iko mbali. Nilidhani zitajaa."

"Na juzi, ulipoulizwa mezani?"

"Niliogopa. Wote walikuwa wanalia kwa furaha."

Nje cherehani ya Mama ilikuwa inakimbia, inasimama, inakimbia.

"Sitakudanganya kwamba hujaniumiza," alisema Bibi mwishowe. "Viatu ningekununulia. Ningeuza kitu nikakununulia. Hiyo namba nilikupa wewe, sikumpa mama yako niliyemzaa." Akafuta pua kwa ncha ya kanga yake. "Saa ngapi sasa?"

"Kumi na moja kasorobo."

"Wakija kunywa chai utawaambia mwenyewe. Mimi nitakaa karibu yako, lakini mdomo utakuwa wako."

Akawaambia. Aliwaambia amesimama, mikono nyuma, na hakuacha hata lile la mwalimu wa michezo. Mama alikitazama kifurushi chenye utepe, akakivuta kwake, akaanza kukifungua fundo bila haraka na bila neno. Hilo lilimchoma Karani kuliko kofi.

Mama mdogo ndiye aliyesema kwanza. "Mimi nimekataa mafuta ya bei nafuu mwaka mzima," alisema. "Mwaka mzima, ili mtoto akimbie na viatu vya bluu."

"Nisamehe, Mama mdogo."

"Usiniombe mimi. Muombe mgonjwa anayesubiri kule."

Mjomba alikuwa ameinamisha kichwa. "Leo nimekueleza yote yale ndani ya gari," alisema. "Na umekaa kimya mpaka nyumbani."

"Nilishindwa kusema, Mjomba."

"Haya." Jioni ile hakumwita tena kwa jina la Karani.

Bibi aligonga meza kwa kijiko. "Mtoto amekosea, ataadhibiwa, na adhabu yake haitakimbia," alisema. "Lakini ofisi ya tiketi inafunguliwa kesho saa mbili. Nataka kujua tunacho nini, si tulichopoteza. Leteni ile simu. Tuna ngapi za kweli?"

Karani aliisoma kutoka kwenye simu yenyewe, akamwonyesha kila mmoja kioo. Elfu hamsini na tatu na mia sita; za jana na za leo zilikuwa bado hazijaingia.

Mjomba alisema waongeze fedha kwa kilichopungua. Walipoangalia bei, Mama alisema hiyo ni kazi ya cherehani ya miezi mitano. Mama mdogo alisema basi Bibi akae kiti cha kawaida kwenda na kurudi. Mama akakataa katakata: saa kumi na moja amekunja magoti, si ndiyo ile hospitali tena? Walizunguka hapo hapo hadi chai ikapoa na kutanda utando.

Karani alikuwa amevuta simu karibu. Kwa mara ya kwanza alisoma kila mstari wa ukurasa wa safari, hata yale maandishi madogo ya chini ambayo kila mtu hupita. Aliandika, akafuta, akaandika tena.

"Kwenda, kiti cha kulala kipo, elfu thelathini," alisema kwa sauti ndogo. "Hicho tusikiguse. Kurudi kuna njia nyingine. Ndege inatua katikati, saa sita kwanza, halafu tano. Kiti cha kawaida njia hiyo ni elfu ishirini tu. Kuna safu moja isiyo na kiti mbele yake, mtu ananyoosha mguu. Hiyo inaongezwa elfu moja na mia tano."

"Na hapo katikati atakaa wapi, kwenye benchi?" aliuliza Mama. Lilikuwa neno lake la kwanza.

"Kuna vyumba vya kupumzika ndani ya kiwanja, vyenye vitanda, kwa saa sita. Pointi elfu mbili. Na kiti cha magurudumu ni bure, ila lazima kiombwe mapema." Akageuza daftari ili wote waone. "Jumla elfu hamsini na tatu na mia tano. Inabaki mia moja."

Mjomba alilivuta daftari, akajumlisha mwenyewe kwa penseli. Mama mdogo akajumlisha baada yake. Mama hakujumlisha, alimpigia daktari wa Bibi, aliyekuwa bado zahanati, akamsomea mpango wote. Daktari alisema safari ikikatwa hivyo, na Bibi akivaa soksi zake, akanywa maji na kusimama kila saa, yeye hana kipingamizi.

"Basi kurudi sitalala," alisema Bibi. "Nitakaa na kunyoosha. Mara ngapi nimekaa?"

Jumamosi saa mbili kasoro robo walikuwa watu wa kwanza mlangoni pa ofisi ya tiketi. Afisa wa tiketi, mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, alichukua kadi, pasipoti na karatasi ya Karani. Aliisoma karatasi ile juu hadi chini.

"Nani kapanga hii?"

"Mjukuu," alisema Mjomba, bila kumtazama Karani.

Afisa alibofya muda mrefu. "Kiti cha mbele kimebaki kimoja," alisema. "Kingine kimeondoka jana jioni." Nyuma yao mtu mmoja mwenye mkoba aliuliza kama hicho ni cha Jumanne ile ya pili, maana na yeye anakitaka. "Kimeshapata mwenyewe," afisa alimjibu, na mashine ikaanza kutoa karatasi.

Adhabu ya Karani haikukimbia kweli. Mama alimpeleka mwenyewe kwa mwalimu wa michezo, akasimama pembeni mtoto alipoeleza jinsi alivyomsingizia wema. Namba ya siri ilibadilishwa, na mpya alipewa mama mdogo. Kwa muhula mzima, Jumamosi alishinda kwenye saluni akifagia nywele na kuosha mataulo, na zamu ya kwenda duka kubwa kununua nyuzi za Mama, kwa miguu, ikawa yake. Mara ya tatu alirudi na lengelenge kisiginoni, akalitazama, na hakumwambia mtu.

Bibi alisafiri Jumanne ile. Alikaa kwa dada yake siku ishirini na mbili. Alipiga simu kila jioni, na mara nyingi kilichosikika ni wazee wawili wanabishana nani alimwaga maziwa zamani hizo. Siku ya kumi na tisa sauti ilikuwa moja. Bibi Mkubwa alifariki asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Bibi.

Bibi aliporudi, mguu ulikuwa umevimba kidogo tu, ukashuka siku ya pili. Siku ya tatu alimwita Karani chumbani, akamwambia afunge mlango na akae kitandani karibu yake.

"Nilimkuta anaongea," alisema. "Siku kumi za mwanzo tuliongea mpaka wauguzi wakatugombeza. Aliniomba msamaha kwa jambo la zamani sana, na mimi nikamwomba langu. Nilimlisha. Nilimsuka. Kwa ndege ile ya baada ya wiki tano ningekuta kaburi lenye maua makavu."

Karani alikuwa analia kimya kimya. "Karibu nikukoseshe, Bibi."

"Karibu. Sisemi hapana." Bibi alishika mkono wake. "Ulichukua kitu ukidhani hakina mwenyewe kwa sababu hukuona jasho lake. Kila kitu unachokikuta kimejaa, mtu alikijaza. Uliza kwanza ni nani. Hilo la kwanza."

"Na la pili?"

"La pili ndilo nililokuwa nawaza angani, nimelala kwenye kile kiti. Kama ungenyamaza, Jumamosi ile tungefika dirishani na elfu sitini za uongo. Mashine ingekataa. Tungerudi nyumbani kugombana, na yule bwana mwenye mkoba angeondoka na kiti changu. Ulisema Ijumaa, ilikuwa bado kuna kitu cha kufanya." Akamfuta machozi kwa kiganja. "Ukikosea tena, na utakosea kwa sababu wewe ni mtu, sema ikiwa bado Ijumaa."